Tairi Jeupe la Nusu Kiwanja

Chumbani kwangu, nyuma ya karakana ya ndege
Jumatatu asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, kisha Mama, kisha yule mbwa wenu mzee anayelala mlangoni mwa stoo kama vile analipwa mshahara. Mgongo unaendeleaje? Na Mama je, yale matone yamemsaidia macho, au bado anatia uzi kwenye sindano kwa kubahatisha? Mimi sijambo. Mkono umetolewa plasta, umekonda kama wa mtu mwingine, lakini vidole vinakunjuka vizuri, na daktari amesema nyama itarudi. Hasira ndiyo imekataa kurudi ilikotoka. Nakuomba radhi mapema, maana barua hii nimeianza kwa upole mara kadhaa na kila mara upole umenishinda.

Aliyekukabidhi ni Kapteni Kipara. Mpe kiti, mpe maji, mwache apumzike kwenye kivuli cha stoo. Hataondoka mpaka umalize kusoma, kwa hiyo usiharakishe. Vaa miwani yako, ile uliyoifunga uzi, na ukae peke yako. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako, Baba, ni mkutano wa hadhara. Unaifungulia sauti yote, unaishika mbali na sikio kama kitu kinachong'ata, na kabla sijamaliza salamu namsikia jirani anachangia hoja. Haya ya leo si ya jirani.

Nianze na mambo ya huku. Tangu ndege ianguke, kila mwenye mdomo amekuwa rubani. Mtangazaji wa redio alisema rubani wa kike ameangusha ndege. Mwezi huohuo lori lilipinduka na kumwaga saruji barabarani, nikatega sikio nisikie kama atasema dereva wa kiume amepindua lori. Hakusema. Baba Mdogo naye alinipigia, si kunipa pole, bali kunikumbusha kwamba alitabiri. Alisema siku zote amekuwa akisema angani si mahali pa binti wa watu. Huyo ni Baba Mdogo ambaye akipanda ngazi kubadilisha taa lazima watu wawili wamshike miguu na wa tatu amwombee! Nilimwambia asante, nikakata simu, nikalia kidogo, kisha nikaendelea na kazi yangu ya siku hizi, ambayo ni kupanga madaftari ya tiketi.

Ndiyo, wamenitoa kwenye ndege. Leseni yangu imezuiwa mpaka kikao cha wachunguzi kitakapotoa uamuzi, na kikao ni Alhamisi hii. Kwa sasa nakaa kaunta, nawauzia watu safari ambazo sizirushi. Na hapo kaunta nimepewa jina jipya. Wananiita Bibi Nusu. Juzi fundi mmoja wa injini alikata chungwa mbele yangu, akaninyooshea, akaniuliza kama kwa macho yangu hapo ni nusu au ni robo tatu. Wenzake walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nilimwambia chungwa ni lake na aibu pia ni yake. Lakini usiku huo, Baba, sikupata usingizi.

Wewe unalijua jina hilo limetoka wapi. Limetoka kwenye tairi. Niruhusu nilieleze kama vile hulijui, kwa sababu nimeshalieleza kwa watu wengi wasiolijua hata maneno yamejipanga yenyewe mdomoni. Kiwanja chetu ni kifupi na ni cha nyasi. Mwisho wake kuna seng'enge, na ng'ambo ya seng'enge kuna mahindi. Rubani anayeruka hapo hana nafasi ya kuwaza sana. Ndiyo maana Kapteni Kipara, enzi zake, alileta tairi la lori, na wewe ukalipaka chokaa, mkalilaza pembeni ya njia, nusu kamili. Sheria yake ni moja. Ukifika kwenye tairi, tazama mshale wa mwendo. Kama mshale umefika kwenye alama ya mwendo wa kutosha, endelea, utaruka. Kama haujafika, kata nguvu ya injini, kanyaga breki, maana nusu iliyobaki inakutosha kusimama. Ni sheria ambayo hata mtoto anaielewa. Mimi niliielewa nikiwa mtoto, nimeshika kopo la chokaa, nimechafua gauni la shule, na Mama akanichapa kwa ajili ya gauni hilo.

Sheria hiyo haimo katika karatasi zozote za serikali. Ni desturi yetu tu, na tairi ni mali yetu tu. Kwa hiyo wachunguzi walipofika hawakulijua. Walisikia kwangu kwamba nilifika kwenye tairi na mshale ulikuwa kwenye alama. Wakaenda na kamba yao ya kupimia, wakapima, wakarudi. Kisha mkubwa wao, yule mwembamba mwenye kofia, akaniuliza kwa adabu kabisa ni nani aliyeniambia kwamba pale ni nusu. Tairi liko mbele sana ya nusu, akasema. Rubani anayefika pale ndipo aanze kuamua, ameshachelewa kuamua lolote.  Mtoto wa kiwanja hikihiki, niliyejifunza kutembea juu ya nyasi hizohizo, nikaonekana sijui nusu yake iko wapi.

Nikirudi kwenye siku yenyewe, nataka ukumbuke kwamba sikuruka kichwa kichwa. Alfajiri mvua ilikuwa imenyesha. Nyasi zilikuwa zimefika kwenye vifundo vya miguu, zimelowa, na nyasi za namna hiyo zinashika magurudumu ya ndege kama matope. Zilikuwa ndefu kwa sababu kisu cha mashine yako ya kukatia kilikuwa kimevunjika, na wewe ulikuwa umeomba kisu kingine mpaka ukachoka kuomba, ukawa unafyeka kwa mkono na mgongo huo. Hilo nililisema mbele ya wachunguzi na nitalirudia. Kiwanja kizima kufyekwa kwa fyekeo la mzee mmoja! Leo, baada ya watu kuumia, kisu kimepatikana. Kapteni Kipara anacho, kimefungwa kwenye gunia, kipya kinang'aa. Nilipokiona nilitaka kukitupa dirishani.

Abiria walikuwa watatu: Bibi Mkunga, mwalimu mstaafu, na yule mfanyabiashara rafiki wa Mkurugenzi wa kampuni yetu ya ndege. Mfanyabiashara alikuja na betri kuukuu za magari, masanduku kwa masanduku, za kwenda kuuzwa chakavu. Nilizikataa. Akapiga simu. Mkurugenzi akanipigia, amekaa ofisini kwake kwenye kiti kinachozunguka, akaniambia kwamba ndege ni chombo cha biashara na si cha kubebea upepo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilibishana naye mpaka nikaacha masanduku mengi pale kwenye nyasi, nikachukua machache, na hata hayo machache niliyachukua kwa shingo upande. Nilipiga hesabu ya uzito, nikapiga na ya nyasi. Hesabu ilisema inawezekana, kwa shida. Basi nikawageukia abiria, nikawaambia kwamba nitajaribu mpaka kwenye tairi, na nisiporidhika nitasimama, tutashusha masanduku yote, wasishtuke. Bibi Mkunga akanijibu kwamba yeye ndiye aliyenipokea nilipokuja duniani, nikiwa nimetanguliza miguu, kwa hiyo hashtushwi na lolote langu. Alikuwa amevaa viatu vipya vya kwendea mahafali ya mjukuu wake.

Hiyo ndiyo ilikuwa kinga yetu yote, Baba. Tairi.

Nikavuta nguvu yote. Ndege ikawa nzito, nyasi zinaivuta, maji yanaruka mpaka kwenye kioo. Tairi likaja polepole. Nilikwisha kuuweka mkono tayari kukata nguvu, kisha nikaona mshale unagusa alama. Umegusa tu, lakini umegusa. Nikasema moyoni, kiwanja cha Baba hakijawahi kuniangusha. Nikaendelea. Nilipoinua macho, seng'enge ilikuwa imefika. Haikupaswa kuwa pale. Nikaivuta ndege juu, king'ora cha kuonya kikalia, gurudumu likanasa kwenye waya wa juu, na yaliyobaki unayajua kuliko mimi, kwa sababu wewe ulikuwa unatazama na mimi nilikuwa nimefumba macho.

Nakumbuka mahindi yakipiga kioo. Nakumbuka harufu ya mafuta na kimya cha ajabu, kisha buti zako. Ulikuja mbio na buti zile za mpira, ukang'oa mlango kwa mikono, ukambeba Bibi Mkunga kama mtoto, na ulikuwa unalia kwa sauti. Sijawahi kukuona unalia hivyo, hata kwenye msiba wa bibi yangu. Nilidhani unalia kwa sababu mimi ni mzima.

Mwalimu alivunjika mtulinga, sasa anaendelea vizuri na analalamika tu kwamba hawezi kuandika ubaoni, ubao ambao hata hivyo alikwisha kuustaafu. Mfanyabiashara alichubuka kidevu na anadai alipwe betri zake. Bibi Mkunga ndiye aliyeumia kweli. Nyonga imevunjika vibaya. Wamemfanyia upasuaji, wamemwinua, anatembea kwa magongo kutoka kitandani hadi dirishani, na daktari haahidi zaidi ya hapo. Naenda kumwona kila nikitoka kazini. Hajanilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linalonikata maini. Anauliza mambo mawili tu. La kwanza, kiatu chake cha pili kimeonekana? Maana walimletea kimoja. La pili, kwa nini wewe hujaenda kumwona. Anasema mmekuwa majirani tangu hamna mvi, kila msiba wako alikuwepo, kila ugonjwa wa Mama alikuwepo, na anajua wewe si mtu wa kukosa hospitali. Alidhani unaumwa. Nilimwambia mgongo unakusumbua. Nilimdanganya, Baba, mama mtu mzima aliyelala chali, na sitaki kumdanganya tena.

Sasa nikuambie ya Mkurugenzi. Aliniita wiki iliyopita, akafunga mlango, akanimiminia maji mwenyewe, nikajua kuna jambo. Akaniambia yeye ni kama mzazi wangu. Nilikuwa sijui! Akasema Alhamisi niseme sentensi moja tu, kwamba nilikosea kukadiria nusu ya kiwanja. Nikisema hivyo mambo yatakwisha kimyakimya, nitakaa kaunta kwa muda, baadaye atanitafutia nafasi. Nikianza kuleta habari za nyasi na visu na betri, wachunguzi watakifunga kiwanja, na kiwanja kikifungwa baba yako anakwenda wapi na umri ule? Alilitamka neno baba yako kwa huruma nyingi kweli, utafikiri ndiye anayekununulia dawa ya mgongo.

Halafu akateleza. Wenye maneno mengi huteleza. Alitaka kunionyesha kwamba hana ubaya na wewe, akasema hata wewe kabla ya mvua hizi ulikuwa unampa tabu. Marubani walikuwa wakifika kwenye tairi lile wanasimama, wanarudi, wanashusha mizigo ya wateja, wateja wanalalamika. Ikabidi akupigie simu akwambie wazi kwamba kiwanja chako kizito, kwamba akisikia tena ndege imerudi kushusha mzigo atahamishia safari zote kwenye kile kiwanja cha ng'ambo ya mto. Na tangu siku hiyo, akasema huku anatabasamu, kiwanja kikabadilika. Ndege zikawa zinafaulu. Akakusifu. Akasema mzee ukimkaripia kidogo anafanya kazi.

Nilitoka mle ofisini. Yeye alikuwa anajisifu, hakujua anachosema. Mimi nilijua.

Nilikuwa najua tangu siku ile wachunguzi walipokuja kupima, ila sikuwa nataka kujua. Unakumbuka ulisimama wapi? Jua lilikuwa kali. Wote tulikuwa tunatembea huku na huko na kamba, na wewe ulisimama mahali pamoja pembeni ya njia, kule nyuma, mbali na tairi, hukusogea. Mama alikuita unywe maji, ukasema baadaye. Yule mwenye kofia alikuomba umwonyeshe mlango wa stoo, ukamwonyesha kwa kidole. Mkusanya nyasi mwenzako alikuletea kigoda, ukakikataa. Nikaja kukushika mkono tuondoke, nikatazama chini. Chini ya buti zako nyasi zilikuwa na rangi nyingine. Zilikuwa changa, nyepesi, zimeota kwa duara, na pembeni ya duara kulikuwa na chembe za chokaa. Tairi lilikuwa limelala hapo miaka yote. Ulikuwa umesimama juu ya nusu ya kweli, Baba, umeifunika kwa miguu yako miwili.

Ulinitazama, nikakutazama. Kisha nikakuacha hapo, nikaenda zangu, nikamwambia yule mwenye kofia kwamba sijui ni nani aliyeniambia pale ni nusu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta namna ya kukutetea ndani ya kichwa changu. Na utetezi upo, sitakunyima haki yako. Najua hukufanya kwa ubaya. Kila ndege iliyosimama kwenye tairi uliiona kama imekutukana wewe. Uliona tairi ni mtihani wa nyasi zako, na nyasi zako zinaanguka mtihani, na anayesahihisha anatishia kukufukuza. Basi ukausogeza mtihani mbele ili ndege zifike zikiwa zimekwisha kuchangamka. Ukawasaidia watoto kufaulu. Na kwa sababu nyasi zilikuwa kavu na mizigo si mikubwa, zikafaulu kweli, ukaona mambo ni shwari. Ningekuwa mtu wa nje ningekuonea huruma tu.

Lakini mimi si mtu wa nje, na nimekasirika. Nimekasirika na Mkurugenzi, ambaye hakuligusa tairi hata kwa kidole lakini alilisukuma kwa simu. Nimekasirika na wanaocheka na machungwa yao. Ila nikizimaliza hasira hizo zote, iliyobaki chini kabisa ni yako. Asubuhi ile, kabla sijawasha injini, tulitembea mimi na wewe kiwanja kizima. Ulinionyesha mahali panapotuama maji. Ulinisimulia habari za mbuzi wa jirani. Tulipita kwenye tairi pamoja, ukalipiga teke dogo kwa buti kama mtu anayemsalimu rafiki. Ulikuwa na nafasi ya maneno mawili. Tairi limesogea. Maneno mawili tu, na ningelala kwenu siku hiyo, na Bibi Mkunga angecheza kwenye mahafali.

Na unajua kilichoniuma zaidi? Viwanja vyote ninavyotua navipima kwa hatua zangu mwenyewe. Hata kama nimeambiwa na nani, nashuka, natembea, nahesabu, kwa sababu Kapteni Kipara alinifundisha kwamba rubani haazimi macho ya mtu. Marubani wenzangu hunicheka kwa hilo. Kiwanja kimoja tu duniani sijawahi kukipima, kwa sababu ni chako. Hilo ndilo kosa langu, na Alhamisi nitalisema bila kuulizwa. Nitasema niliacha kupima, nikaamini.

Lakini sitasema nilikosea kukadiria. Nimekwisha kumwambia Mkurugenzi hivyo leo asubuhi, nimesimama, sikukaa kwenye kiti chake wala sikunywa maji yake. Akaniuliza kama nimefikiria habari za baba yangu. Nikamwambia sijafikiria jingine.

Na wakiniuliza kama tairi lilihamishwa, nitajibu ndiyo. Wakiniuliza ni nani, ndipo naomba wewe uwe umekaa hapo. Sitaki kukusemea. Nikisema mimi, watasema binti ameona leseni inaondoka, anamtwika baba yake mzee. Na Mkurugenzi atakuwa wa kwanza kusikitika. Ukisema wewe, kwa kinywa chako, itabidi useme na sababu, na sababu ni ile simu, na kisu kilichoombwa hakikuja, na mgongo wako. Hapo yule bwana hataweza kuzunguka kwenye kiti chake. Ukweli huu hauna miguu mingine isipokuwa yako. Mficha uchi hazai, ulinifundisha wewe, siku niliyoficha matokeo ya mtihani chini ya godoro.

Najua unaweza kukipoteza kiwanja. Najua kiwanja hicho ni nini kwako. Nimekuona ukikitembelea kila asubuhi na umande umejaa kwenye buti, ukiinama kuokota kijiwe ambacho hakuna mwingine angekiona. Kama wataniuliza mtunza kiwanja ni mtu wa namna gani, nitawaambia hayo pia. Lakini siwezi kukilinda kwa jina langu, na wala si kwa nyonga ya Bibi Mkunga.

Kapteni Kipara hajui niliyoandika humu. Nilimwambia tu kwamba anapokuja huko asiliamini tairi. Alijipapasa kile kipara. Akasema atatua kwa macho yake mwenyewe. Nadhani sasa hivi amekaa kivulini anakutazama unavyosoma, na kwa kuwa si mjinga, amekwisha kuona lilipo na lilipokuwa.

Basi naomba ufanye hivi. Ukimaliza kusoma, mpe Mama barua, naye ana haki. Kisha mwite Kapteni. Tairi la lori ni zito na mgongo wako ni mbovu, mwambie ashike upande mmoja, kama siku ile mlipolileta. Lirudisheni kwenye lile duara. Likikaa, zungukeni kwenye mahindi mkitafute kiatu cha Bibi Mkunga. Ni cheusi, kina kifungo pembeni, mguu wa kushoto. Utamkabidhi mwenyewe.

Ndege ya Kapteni imekuja tupu na itarudi tupu, ila kiti kimoja. Ni cha mbele, pembeni yake. Nimekuombea wewe. Miaka yote umekata nyasi za ndege, na hujawahi kupanda hata moja, kila siku unasema utapanda nyasi zikipungua.

Nisalimie Mama sana, mwambie asilie, au alie kidogo tu. Wasalimie majirani wote, hata wale wanaosikiliza simu yako. Mwambie mkusanya nyasi asikiache kisu kipya kilale kwenye gunia. Mimi nitakuwa hapa karakana nikitazama juu tangu mchana, nimevaa lile koti lako la zamani.

Na mtakapoanza kukimbia kwenye nyasi, Baba, usitazame nje. Tazama ule mshale ulio mbele ya Kapteni. Mtakapofika kwenye tairi, utaona unagusa alama, na mbele yenu bado kuna nusu nzima ya kiwanja. Nusu hiyo ndiyo niliyodhani umeniwekea.

Wako, uliyempa jina kwa sababu hakujua kunyamaza,

Chiriku